Senti 30 kwa uniti: hesabu ya mgawo wa wenyeji katika umeme wa upepo

Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, kwenye korido ya upepo iliyo kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro, imesimama mitambo 365. Kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, na yote kwa pamoja inafika megawati 310. Mradi huu wa Lake Turkana Wind Power uligharimu takriban euro milioni 620. Ulipozinduliwa rasmi Julai 2019, Kenya ilikuwa haijawahi kuona uwekezaji wa sekta binafsi mkubwa kuliko huo. Ardhi iliyokodishwa ni ekari 150,000. Wanaoishi na kuchunga mifugo katika eneo hilo ni Waturkana, Wasamburu na Warendille, na ufukweni mwa ziwa wapo Waelmolo.

Tarakimu hizi zimetajwa sana kwenye hotuba na magazetini. Inayotajwa kwa nadra ni ile inayomhusu mchungaji mwenyewe: uniti moja ya umeme (kilowati-saa moja) ikiuzwa, senti ngapi zinabaki kule unakovuma upepo? Uchambuzi huu unauchukua mradi huo mmoja na kuupitisha kwenye kanuni za mgawo za nchi tano, ili tuone kila kanuni ingewaachia wenyeji kiasi gani. Ni zoezi la hesabu tu, kwani mradi wa Turkana haufungwi na sheria za Ujerumani wala za Afrika Kusini. Hata hivyo hesabu inafichua jambo ambalo hotuba hulifunika. Mradi unaweza kuwa mkubwa na mgawo wa wenyeji ukawa kiduchu. Kinachoamua ni kama mgawo uliandikwa kwenye mkataba kabla ya benki kutoa mkopo, na kama uliandikwa kuwa asilimia ya kitu gani.

Tuanze na mauzo

Mwaka una saa 8,760. Mitambo ya megawati 310 ikizunguka kwa nguvu zote usiku na mchana ingetoa uniti bilioni 2.7. Hakuna mahali upepo unavuma hivyo. Mitambo mingi ya nchi kavu barani Ulaya hutoa kama robo hadi theluthi ya uwezo wake kwa mwaka. Turkana ni ya aina yake: upepo unaobanwa kati ya milima ile miwili una wastani wa mita 11 hivi kwa sekunde, na ndiyo maana mitambo iliyochaguliwa ni mifupi, mnara wa mita 44 na mapanga yenye kipenyo cha mita 52. Kwa hesabu zetu tuchukue asilimia 55 ya uwezo. Hiyo ni uniti bilioni 1.5 kwa mwaka.

Mnunuzi ni Kenya Power, kwa mkataba wa miaka 20, na bei ya msingi ilikuwa takriban senti 7.5 za euro kwa uniti. Ili tusitatizwe na soko la fedha, tuihesabu euro kwa shilingi 150 za Kenya, pauni kwa 174 na dola kwa 130. Uniti moja basi ni shilingi 11.25, na mauzo ya mwaka ni shilingi bilioni 16.9.

Fedha hizo zina foleni. Miradi ya namna hii kwa kawaida hujengwa kwa mkopo wa asilimia 70 na mtaji wa asilimia 30. Kwa gharama ya euro milioni 620, mkopo ni kama euro milioni 434, yaani shilingi bilioni 65. Kwanza zinalipwa gharama za matengenezo, bima, mishahara na kodi. Yanafuata mabenki, riba na deni. Wenye hisa wanachukua kinachobaki. Foleni hii inapangwa siku mkopo unaposainiwa na haivurugwi baadaye kwa urahisi, maana kila benki imekopesha ikijua iko nafasi ya ngapi. Jamii ambayo haikupangiwa nafasi siku hiyo inabaki kutegemea hisani ya wenye hisa, na wenye hisa ndio walio mkiani.

Kanuni tano, mradi mmoja

*Uskoti: kwa kila megawati.* Serikali ya Uskoti inapendekeza kila mradi wa upepo wa nchi kavu uilipe jamii ya jirani pauni 5,000 kwa kila megawati kwa mwaka, na kiwango kipande pamoja na mfumuko wa bei. Si sheria, lakini kimekuwa kipimo ambacho wawekezaji wanapimwa nacho. Kwa megawati 310 ni pauni milioni 1.55, yaani shilingi milioni 270. Uzuri wake ni kwamba upepo uvume usivume, kiasi kinajulikana Januari, na kamati ya kijiji inaweza kupanga bajeti.

*Ujerumani: kwa kila uniti.* Tangu 2021 sheria ya nishati jadidifu ya Ujerumani inamruhusu mwendeshaji kuzilipa serikali za mitaa zilizo ndani ya kilomita 2.5 kutoka kwenye mtambo hadi senti 0.2 za euro kwa kila uniti. Mwendeshaji anayelipwa chini ya mpango wa ruzuku wa sheria hiyo anaweza kurejeshewa kiasi hicho, kwa hiyo mzigo haumwelemei yeye peke yake. Kwa uniti bilioni 1.5 ni euro milioni 3, yaani shilingi milioni 450 kwa mwaka. Ukiirudisha kwenye uniti moja, ni senti 30 za Kenya.

*Afrika Kusini: asilimia ya mauzo.* Katika minada ya umeme iliyoanza 2011, mwekezaji hapewi mkataba bila kuahidi kutumia angalau asilimia 1 ya mauzo yake, na lengo ni 1.5, kwa maendeleo ya jamii zilizo ndani ya kilomita 50. Ahadi hiyo inaingia kwenye mkataba na serikali. Kampuni isipotimiza inapata alama za adhabu, na zikizidi mkataba wenyewe unaweza kuvunjwa. Kwa mauzo ya Turkana ni shilingi milioni 169 hadi 253 kwa mwaka.

*Tanzania: ushuru wa huduma.* Kwa miaka mingi halmashauri za Tanzania zimekuwa na haki ya kutoza kampuni zinazofanya kazi katika maeneo yao ushuru wa hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Hii haikutungwa kwa ajili ya umeme. Inagusa biashara zote. Kwa mauzo yetu ni shilingi za Kenya milioni 51. Zinaingia halmashauri, na kijiji kinagombea fungu lake humo pamoja na vijiji vingine vyote.

*Kenya: mrabaha wa jotoardhi.* Sheria ya Nishati ya 2019, kifungu cha 85, inatoza mrabaha kwenye thamani ya nishati ya jotoardhi: asilimia 1 hadi 2.5 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha 2 hadi 5. Mrabaha unagawanywa mafungu matatu: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya eneo husika, na fungu la jamii linasimamiwa na bodi ya wadhamini. Kifungu hicho ni cha jotoardhi, si cha upepo wala jua. Lakini tukikivalisha mradi wa Turkana, mrabaha wote wa miaka ya mwanzo ungekuwa shilingi milioni 169 hadi 422 kwa mwaka. Fungu la jamii ndani yake lingekuwa milioni 8.4 hadi 21.

Tuzipange, kwa mwaka mmoja, mradi uleule na upepo uleule:

- Ujerumani: shilingi milioni 450, kwa serikali za mitaa za jirani
- Uskoti: shilingi milioni 270, kwa mfuko wa jamii
- Afrika Kusini: shilingi milioni 169 hadi 253, kwa miradi ya jamii
- Tanzania: shilingi milioni 51, kwa halmashauri
- Kenya, kanuni ya jotoardhi: shilingi milioni 8.4 hadi 21, kwa mfuko wa jamii

Ukitazama mstari wa mwisho haraka utasema Kenya inatoza kidogo. Si kweli. Jumla ya milioni 169 hadi 422 haipishani sana na wanachotoza Waskoti, Waafrika Kusini na Wajerumani. Tofauti iko katika njia ambayo fedha zinapita. Katika kila shilingi 100 za mrabaha, 75 zinakwenda Nairobi, 20 makao makuu ya kaunti, na 5 ndizo zinazomfikia aliyejengewa mtambo mlangoni. Kuna hoja ya haki upande wa serikali kuu: rasilimali ni ya taifa zima, na mtu wa Kisii naye ana fungu lake. Hoja hiyo ni nzito kwenye mafuta na dhahabu, vitu vinavyochimbwa na kwisha. Kwenye upepo na mvuke inapungua uzito, kwa sababu taifa tayari linapata umeme wenyewe, linapata kodi ya kampuni, na kero za mradi zinabaki kwa watu wachache waliozungukwa nao.

Asilimia ya nini?

Hapa ndipo mikataba mingi inapoteleza. Mtu akisimama kwenye baraza la chifu na kutangaza kwamba jamii itapata asilimia 5, watu hupiga makofi. Swali la kwanza kuuliza ni: asilimia 5 ya nini?

Asilimia ya mauzo inahesabika na mtu yeyote mwenye kikokotoo. Mita ya kituo cha kupozea umeme inasoma uniti zilizotoka, bei iko kwenye mkataba, zidisha. Asilimia ya faida ni habari nyingine. Kampuni yenye deni la shilingi bilioni 65 inaweza kuuza umeme wa mabilioni na bado isionyeshe faida ya kugawa kwa miaka, kwa sababu riba, uchakavu wa mitambo na ada za usimamizi hutangulia. Hakuna aliyeiba. Vitabu ni safi, wakaguzi wamepiga muhuri, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kanuni zote tano tulizozitazama zinakwepa mtego huu, kwa sababu zinahesabu kwa megawati, kwa uniti au kwa mauzo au thamani yake. Hakuna hata moja inayosubiri faida.

Swali la pili ni mduara. Kilomita 2.5 za Mjerumani kutoka kwenye mtambo mmoja ni eneo la kilomita za mraba 20. Kilomita 50 za Afrika Kusini ni kilomita za mraba 7,850, karibu mara 400 zaidi. Mduara ukiwa mdogo, kila nyumba inapata cha kushika mkononi, na jirani aliye mita mia nje ya mstari ananung'unika. Ukipanuka, manung'uniko yanapungua na fedha zinamegeka hadi hazionekani. Chukua milioni 450 za Kijerumani. Ukizigawa kwa kaunti nzima ya Marsabit, ulipo mradi, yenye watu 459,785 kwa sensa ya 2019, kila mmoja anapata shilingi 979 kwa mwaka. Ukizigawa kwa watu 30,000 walio karibu, tuseme, ni shilingi 15,000 kwa kila mtu, na kwa nyumba ya watu watano ni 75,000. Milioni 8.4 za kanuni ya jotoardhi kwa watu hao 30,000 ni shilingi 280 kwa kila mtu.

Na kwa wafugaji mduara wenyewe una kasoro. Umebuniwa kwa watu wenye nyumba zisizohama. Familia inayoleta ngamia na mbuzi wake hapo miezi ya kiangazi tu, kwa sababu ndiko kuliko na maji, siku ya kuandikishwa iko umbali wa kilomita 80. Haimo kwenye orodha, ingawa ndiyo iliyopoteza malisho. Orodha ya wanufaika inayoandikwa kwa ziara moja ya siku mbili kwenye eneo la wafugaji ni orodha ya waliokuwapo siku hizo mbili.

Hisa: kumiliki badala ya kugawiwa

Kuna njia nyingine inayosifiwa sana, nayo ni wenyeji kumiliki sehemu ya mradi. Mfano mkongwe ni Denmark. Nje kidogo ya bandari ya Copenhagen ipo mitambo 20 ya Middelgrunden, megawati 40, iliyosimikwa mwaka 2000. Nusu yake ni mali ya ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000 waliogawana hisa 40,500. Baadaye, kati ya 2009 na 2020, sheria ya Denmark ilimlazimu kila mwekezaji wa upepo kutenga angalau asilimia 20 ya hisa na kuwauzia kwanza wakazi walio ndani ya kilomita 4.5.

Neno zito hapo ni kuuza. Mkazi wa Copenhagen alikuwa na akiba benki au dhamana ya kukopea. Tufanye hesabu hiyo Turkana. Mtaji wa asilimia 30 ni euro milioni 186. Asilimia 5 tu ya mtaji huo ni euro milioni 9.3, yaani shilingi bilioni 1.4. Tukisema mbuzi mmoja ni shilingi 7,000, ni mbuzi 200,000.

Kwa hiyo Afrika ina njia mbili. Ya kwanza ni mkopo. Afrika Kusini inataka jamii ya eneo imiliki angalau asilimia 2.5 ya mradi, na lengo ni 5. Mifuko ya jamii imekopeshwa na taasisi za fedha za umma ili kununua hisa hizo. Matokeo yake gawio la miaka ya mwanzo linaishia kulipa deni, na kijiji kinasikia kwamba kinamiliki mradi kabla hakijaona hata senti. Asiyeelezwa hilo mapema huamini kwamba viongozi wake wamekula fedha.

Njia ya pili ni ardhi kuwa mtaji. Kipeto, kaunti ya Kajiado, ni mradi wa megawati 100 wenye mitambo 60, ulioanza kuuza umeme mwaka 2021. Uko kwenye ardhi ya wafugaji wa Kimaasai ambao wana hatimiliki zao. Wenye mashamba wanalipwa kila mwaka kwa kukodisha ardhi, na mfuko wa udhamini wa jamii una hisa asilimia 5. Upepo wa Kipeto si mkali kama wa Turkana. Ila mwekezaji wa Kipeto alikaa mezani na watu wenye karatasi, na mwenye hatimiliki anaweza kusema hapana.

Nani alisaini?

Turkana ilikuwa tofauti. Ardhi yake wakati huo ilikuwa ardhi ya udhamini, ikisimamiwa na halmashauri ya kaunti ya Marsabit kwa niaba ya wakazi. Halmashauri ndiyo iliyokubali ekari 150,000 zikodishwe. Ukigawanya kwa mitambo 365, kila mmoja una ekari 411. Mtambo wenyewe haumezi eneo hilo, na mbuzi anaweza kulala kivulini kwake. Lakini haki ya kisheria juu ya ekari zote ilihama kutoka kwa wachungaji.

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki hizo zilipatikana kinyume cha utaratibu na sheria, ikatoa mwaka mmoja ili taratibu zirekebishwe. Kumbuka tarehe. Hukumu ilitoka miaka miwili baada ya uzinduzi, mitambo ikizunguka na umeme ukiuzwa. Hata aliyeshinda alishinda mbele ya mradi uliokwisha kujengwa.

Sheria imebadilika tangu hapo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wowote wa mwekezaji kwenye ardhi ya jamii uridhiwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Mkataba lazima utaje fidia, mrabaha, mafunzo kwa wenyeji na namna ardhi itakavyorudishwa. Ni kinga nzuri, kwa sharti moja: jamii iwe imesajiliwa kuwa mwenye ardhi. Ambayo haijasajiliwa, ardhi yake inaendelea kushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yake, na hapo tunarudi kwenye saini ya mtu asiyechunga.

Bei ya kutoshirikisha

Mhasibu wa mradi anaweza kuuliza: milioni 450 kwa mwaka si nyingi mno? Jibu liko kwenye daftari la hasara.

Kinangop, kaunti ya Nyandarua, kulipangwa mradi wa upepo wa megawati 60.8 kwa dola milioni 150. Wakulima walipinga kuhusu ardhi na fidia, hofu za kiafya zikaingia, wanasiasa wakapata jukwaa, na mwanzoni mwa 2015 mtu aliuawa katika maandamano. Mwaka uliofuata mradi ukafutwa. Kwa kanuni ya Uskoti jamii ya Kinangop ingepata pauni 304,000 kwa mwaka, ambazo kwa miaka 20 ni kama shilingi bilioni 1.06. Gharama ya mradi ilikuwa bilioni 19.5. Mgawo wa miongo miwili ungekuwa kama asilimia 5 ya mtaji ulioachwa. Fedha pekee zisingemaliza ugomvi ule, maana mkulima alitaka kwanza kujua shamba lake litakuwa la nani. Ila zingeonyesha kwamba mwekezaji amekuja kukaa na watu.

Turkana nako kulikuwa na bili. Laini ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilichelewa. Mkandarasi wa Kihispania alifilisika, na madai ya fidia za njia ya umeme yaliburuza kazi. Mitambo ilikuwa tayari, umeme hauna pa kupita, na mkataba ulisema kampuni ilipwe. Serikali ya Kenya ilikubali kulipa takriban shilingi bilioni 5.7. Kwa kanuni ya Kijerumani, kiasi hicho ni mgawo wa wenyeji kwa zaidi ya miaka 12, na kililipwa bila kijiji kuchimbiwa kisima hata kimoja.

Ajira na umeme: ahadi mbili za barazani

Ajira hutajwa mwanzo kabisa na ndizo zinazokwisha mapema. Ujenzi wa Turkana ulihitaji watu wapatao 2,500, sawa na wanane kwa kila megawati. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis hadi Sarima, ilipo mitambo, ilikarabatiwa ili malori yapitishe mapanga na minara iliyotoka bandari ya Mombasa, na inabaki kuwa faida ya kweli kwa wenye maduka na wagonjwa. Lakini mtambo ukishasimama unahitaji fundi mmoja mmoja na mlinzi. Ajira za kudumu ni mia chache, na kazi zenye mshahara mnono zinataka vyeti ambavyo shule za eneo hazikuwa zimevitoa. Mgawo wa ajira unaoanza siku ya ujenzi umechelewa kwa miaka mitatu, kwa sababu huo ndio muda wa kumsomesha fundi umeme.

Ahadi ya umeme ina kikwazo cha kifundi ambacho wengi hawaelezwi. Nyaya za kilovolti 400 zinapita juu ya manyatta, lakini nyumba inatumia volti 240. Kuushusha umeme huo kunahitaji kituo cha kupozea cha mabilioni ya shilingi, gharama ambayo kijiji cha nyumba 200 hakiwezi kuihalalisha. Kwa hiyo giza chini ya waya si lazima liwe ubaya wa mtu. Ni jiometria ya gridi. Dawa yake ni gridi ndogo za jua, na kwa makadirio ya dola 1,000 kwa kila nyumba, milioni 450 zingeunganisha nyumba zaidi ya 3,400 kwa mgawo wa mwaka mmoja. Mwaka wa tatu unazidi nyumba 10,000.

Tanzania ina mfano wa upande wa pili wa mizani. Ludewa, mkoani Njombe, maji ya Mawengi yanazungusha mtambo wa kilowati 300, chini ya nusu ya mtambo mmoja wa Turkana. Unasimamiwa na jumuiya ya watumiaji iitwayo LUMAMA. Haupeleki umeme jijini. Unawasha taa na kusaga mahindi ya waliouchangia, na bili zao ndizo zinazonunua vipuri. Kwa ukubwa haulinganishwi na mradi wa euro milioni 620, na kwa mgawo hauna haja ya kifungu cha 85.

Senti ngapi, basi?

Turudi kwenye uniti ya shilingi 11.25. Mrabaha wa asilimia 2.5 juu yake ni senti 28, karibu sawa na senti 30 za Kijerumani. Mteja wa kawaida wa nyumbani Kenya hulipa zaidi ya shilingi 20 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Mgawo huo wote ungetiwa kwenye bili yake, ingepanda kwa chini ya asilimia 1.5.

Bunge la Kenya lina kazi mbili zisizohitaji tume. Ya kwanza ni kukipanua kifungu cha 85 kishike upepo na jua, kwa miradi mipya ambayo mikopo yake haijasainiwa. Ya pili ni kugusa mafungu. Kwa mgawo wa sasa, katika senti 28 jamii inapata senti 1.4. Fungu la jamii likipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 25, inapata senti 7, ambazo kwa mradi kama wa Turkana ni shilingi milioni 105 kwa mwaka. Hata hapo tungekuwa chini ya kiwango cha chini cha Afrika Kusini. Na mabadiliko haya ya pili hayaongezi senti kwenye bili ya mtu yeyote, kwa kuwa yanagawa upya kilekile kilichokwisha tozwa.

Kwa kijiji kinachosubiri wageni wenye ramani na vipimo vya upepo, wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na uponyaji huo sasa unaweza kuandikwa kwa tarakimu. Asilimia ya mauzo, si ya faida. Akaunti ya mfuko na majina ya wadhamini wake. Mpaka wa eneo unaozingatia malisho ya kiangazi. Idadi ya vijana watakaopelekwa chuo mwaka huu, si mwaka wa uzinduzi. Vyote hivyo viwe kwenye karatasi ambayo benki itaisoma kabla ya kutoa mkopo, kwa sababu benki ikishaisoma, inakuwa na sababu yake yenyewe ya kutaka vitimizwe.